Gitaa la Mkasi

Kwenye karakana ya sare za shule walimwita Mkasi, na jina likamganda hadi nyumbani. Alikuwa mkataji. Vitambaa vilitandazwa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, naye akachora kwa chaki kufuata pateni, akashika mashine ya kukatia na kuufuata mstari bila mkono kutetereka. Vipande vilifungwa mafungu, vikapelekwa kwa washonaji upande wa pili wa ukuta, na huo ndio ukawa mwisho wake wa kuviona. Alikuwa amekata kola na mifuko ya kuvalisha mji mzima, lakini hakuwahi kutia kifungo hata kwenye shati moja. Wenzake walipomtania kwamba kazi yake ni kubomoa tu vitambaa vya watu, alicheka nao. Ndani kwa ndani utani huo ulimchoma.

Mambo ya gitaa yalianzia utotoni. Mjomba wake alipigia bendi ya dansi, na siku za mapumziko alimwachia mpwa wake gitaa alichezee. Msichana akajua nyimbo tatu nne, ncha za vidole zikaota sugu. Kisha yakaja ya kuja, ndoa na watoto na karakana, sugu zikahamia kwenye kidole gumba kinachoshika mkasi. Watoto walipokua na kuhama, nyumba ikawa na nafasi na kichwa nacho kikapata nafasi. Ndipo siku moja, akipekua simu wakati wa chakula cha mchana, akaona gitaa la umeme linalouzwa likiwa vipande ndani ya boksi, kila kitu kimo, kazi ni kwako wewe kuliunganisha. Hakuyatazama magitaa mengine yaliyokwisha kuundwa. Alitaka lile. Alitaka kitu kimoja maishani kianzie mikononi mwake na kimalizikie mikononi mwake.

Boksi likaja, na shida ya kwanza iliyokutana nalo mlangoni ilikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu hadi mwaka uliotangulia, aliporudi nyumbani akatupa funguo mezani na kusema tajiri wake amemkosea adabu, basi, imetosha. Mkewe alimwamini. Tangu hapo alishinda nyumbani, na mtu aliyezoea kuvuka mipaka mitatu kwa wiki akishinda nyumbani lazima atafute pa kuvuka. Alihamisha kabati. Alipanga jikoni upya hata mwenye jikoni akawa anautafuta mwiko kama mgeni. Jioni hiyo Mkasi alipotoka kazini, alikuta boksi limeshafunguliwa na vipande vimepangwa sakafuni sebuleni.

"Nimekuhesabia," akasema mumewe, kifua mbele. "Skrubu za shingo zinatakiwa nne, ziko tatu. Umeshaibiwa, mama watoto."

"Nani kakwambia ufungue?"

"Kwani ni posa hiyo, mpaka ifunguliwe mbele ya wazee?"

Skrubu zilikuwa nne. Ya nne ilikuwa imelala kwenye zulia, karibu na kidole chake cha mguu. Mkasi aliiokota, na mumewe akasema ilikuwa imejificha.

Mkasi alijiwekea kambi kwenye kibaraza cha nyuma, ghorofa ya kwanza, penye kamba za kuanikia nguo na stuli mbili. Kiwiliwili cha gitaa kilikuwa mbao tupu, nyeupe, isiyo na rangi. Akakisugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, jioni baada ya jioni, hadi mbao ikateleza kama shavu la mtoto. Alikuwa amesahau kwamba vumbi huwa haliendi mbinguni. Jirani wa chini, ambaye mtaa mzima ulimwita Dawa ya Panya kwa sababu ndiyo biashara yake, alikuwa ameanika mashati yake meupe.

"Huko juu!" akapaza sauti. "Mnasaga mahindi au vipi?"

"Samahani, jirani. Ni gitaa."

"Gitaa linasagwa?"

Mkasi akateremka, akayachukua mashati, akayafua upya yote na kuyapiga pasi. Kwa hiyo jioni mbili za gitaa zikaenda kwenye kola za mwanaume mwingine.

Rangi nayo ikampiga chenga. Alichagua buluu ya kupuliza. Mpulizo wa kwanza ulikaa vizuri, naye kwa hamu akaongeza wa pili kabla wa kwanza haujakauka sawasawa. Asubuhi yake kifua cha gitaa kilikuwa kimejikunja makunyanzi kama utando wa maziwa yaliyopoa, na katikati yake mbu alikuwa amenasa, miguu juu. Hapo hakuwa na mtu wa kumlaumu, na kukosa wa kumlaumu kulimuuma kuliko rangi yenyewe. Alikwangua yote, akaanza upya. Safari ya pili makunyanzi yakabaki mahali pamoja tu, ubavuni, akayaacha kwa shingo upande.

Sehemu aliyoisubiri kwa hamu kubwa ilikuwa ya kupima. Maelekezo ya picha yaliyokuja na boksi yalikuwa wazi kuhusu daraja, kile chuma kinachokaa kifuani mwa gitaa na kushika nyuzi kwa chini. Unapima kutoka kipande cheupe kilicho juu ya shingo hadi kwenye pau ya kumi na mbili, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kisha unarudia umbali uleule kuteremka, hapo ndipo pa daraja. Likikaa juu kidogo au chini kidogo, gitaa litasema uongo maisha yake yote. Ukipiga uzi mtupu, bila kuubonyeza, litakubali, ukipanda nao shingoni litakukana.

Hii sasa ilikuwa kazi yake. Alipima, akapima tena, akageuza rula na kupima kutokea upande wa pili. Akachonga penseli ikawa kama sindano, akachora mstari mmoja, mwembamba, mnyoofu, na juu yake akatia nukta za matundu. Alirudi nyuma akautazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Ilikuwa Jumapili. Keekee ya umeme angeiazima kazini, na Jumatatu jioni angetoboa mwenyewe, taratibu.

Jumatatu aliporudi na keekee kwenye mkoba, daraja lilikuwa limekwisha kufungwa.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye stuli, bisibisi mkononi, uso umechangamka. "Nilitaka ukute kazi imeisha," akasema. "Dawa ya Panya ana keekee yake. Dakika tu, matundu tayari. Nyinyi mnajua kuyafanya mambo yaonekane magumu."

Mkasi aliweka mkoba chini. Kwa miaka yote ile kuna mtu wa upande wa pili wa ukuta aliyeichukua kazi yake na kuimalizia. Sasa ukuta wenyewe haukuwepo tena. Mtu alikuwa amekaa kwenye stuli yake.

"Asante," akasema, na akaingia ndani kukaanga vitunguu ambavyo havikuwa na haja ya kukaangwa.

Aliendelea na yaliyobaki. Akaunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa, sumaku za kunasa sauti, vifundo vya kuzungushia, tundu la waya wa spika. Akaunguza kidole, akaunguza kitambaa cha meza, akaunganisha waya mweusi mahali pa mwekundu, akafumua na kurudia. Mumewe alizunguka nyuma yake akitoa ushauri wa malori. "Lori letu la zamani," angesema, "waya kama huo tuliufunga kwa bablish iliyotafunwa." Mkasi alimwomba aende dukani kununua sukari. Alirudi na chumvi. Akamfokea, naye akanuna, akasema pakiti za siku hizi zote zinafanana.

Siku ya nyuzi ilifika. Alizifunga sita, akazikaza kwa msaada wa simu inayosikiliza sauti na kukuambia panda au shuka, na zote zikakubali. Hawakuwa na spika ya gitaa, lakini Dawa ya Panya alikuwa na kipaza sauti chake cha biashara, kile anachokisukuma kwenye toroli sokoni. Jirani hakuwa na kinyongo cha mashati. Alikipandisha mwenyewe, akachomeka waya, akawasha.

"Panya, mende, kunguni!" sauti yake iliyorekodiwa ikangurumia kibaraza kizima. "Usilale na adui! Panya, mende, kunguni!"

"Samahani, samahani," akasema jirani akibonyeza vitufe. "Huyo ni mimi."

Aliponyamaza yule wa kwenye mashine, ukabaki mngurumo. Mmmmmm. Kama friji yenye homa. Mkasi akapiga uzi mtupu, sauti ikatoka kwa kweli, nene, ya umeme, na kwa muda mfupi sana moyo wake ukaruka. Akaweka vidole shingoni kuanza wimbo. Uongo. Akapanda juu zaidi. Uongo mkubwa zaidi. Kila alipopanda nyuzi zilizidi kuachana, kila mmoja ukienda kwao.

Dawa ya Panya alikuna kichwa. "Labda ndivyo yalivyo ya umeme," akasema kwa huruma, akaaga.

Mkasi, ambaye tangu Jumatatu ile hakutaka hata kulitazama daraja, akaleta rula. Hakuhitaji kupima mara mbili. Daraja lilikuwa limepanda juu kwa upana wa ukucha wa kidole gumba, tena limekwenda mshazari. Mstari wake wa penseli ulikuwa bado unachungulia chini yake, peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi.

Hapo ndipo kilipowaka.

"Nilikuchorea!" akasema. "Nilikuchorea mstari, mtu mzima, na nukta juu yake! Kipofu angeupapasa!"

"Nilitoboa kwenye mstari."

"Wapi? Huu hapa mstari. Matundu yako yako wapi?"

"Mama watoto, usinipigie kelele. Ulichora miwili, mimi nikachukua wa juu. Ungechora mmoja yasingetokea haya."

Mkasi akamtazama. Mumewe alikuwa anaangalia gitaa, au anaangalia mahali gitaa lilipo, kichwa amekiinamisha upande kidogo kama kuku anayetafuta punje. Ulikuwa mkao wake wa siku nyingi. Alidhani ni uzee.

Akachukua kipande cha boksi, akachora mstari mmoja kwa penseli, akamwekea mapajani.

"Hiyo ni mistari mingapi?"

"Usinifanye mtoto wa chekechea."

"Baba watoto. Mingapi?"

Mumewe alikisogeza kile kipande karibu na uso, akakisogeza mbali. Chini uani mtu alikuwa anamimina maji kwenye ndoo. "Miwili," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, na papo hapo akajua kwamba si miwili, kwa jinsi mkewe alivyonyamaza.

Yakatoka yote, vipande vipande, na kila kipande ilibidi kivutwe. Tajiri hakumkosea mtu adabu. Lori lilikwangua geti, kisha likakwangua geti jingine, kisha jioni moja taa za gari lililokuja mbele yake zikafunguka kama maua mawili makubwa na hakuona barabara tena. Alisimamisha pembeni akakaa hadi kulipopambazuka, utingo wake akidhani amelala. Kesho yake akarudisha funguo kwa hiari yake. Mambo ya adabu aliyatunga njiani akirudi nyumbani.

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba dereva haoni?"

Mkasi angetaka kumwonea huruma, na huruma ilikuwepo, ila ilikuwa imebanwa na hasira pembeni kama mtoto kwenye kitanda cha wakubwa. Mwaka mzima alikuwa akigombana na mtu mzembe, kumbe mzembe hakuwepo nyumbani. Chumvi, mwiko, skrubu kwenye zulia. Alimtukana kwa yote hayo naye akakubali kutukanwa, alipenda aonekane mpuuzi kuliko aonekane asiyeona. Na gitaa? Aliamua kutoboa mbao ya mtu akijua wazi hali ya macho yake!

"Kwa nini hukuniachia mimi?" akauliza. "Hilo moja tu."

Mumewe alijikuna goti. "Unatoka asubuhi, unarudi umechoka. Mimi nimekaa hapa kama jiko bovu. Nikasema angalau tundu."

Usiku huo walilala wamepeana visogo, kila mmoja akijua mwenzake yu macho.

Asubuhi hakwenda karakanani, aliomba ruhusa, akampeleka kliniki ya macho ya hospitali kuu. Walikaa kwenye benchi hadi mchana. Mumewe alilalamikia benchi, akalalamikia feni, akamwambia muuguzi kwamba yeye amesindikiza tu. Daktari alimtazama kwa taa, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini hakuna kilichokufa. Yanafanyiwa upasuaji, moja kisha jingine. Mkasi akashusha pumzi. Kisha wakaambiwa foleni ya upasuaji ni ya miezi. Wakapewa tarehe. Tarehe ilipokaribia ikasogezwa mbele, mashine imeharibika. Ikasogezwa tena, daktari yuko safarini. Kila iliposogezwa, mumewe alisema afadhali, na kila aliposema afadhali mkewe alitamani kumtupia kitu.

Kwa hiyo akarudi kwenye gitaa, kwa kuwa hilo angalau halikuhitaji tarehe. Akafungua nyuzi zote, akang'oa daraja. Chini yake akakuta kishina cha waya, kimekatwa.

"Huu waya wa hapa umefanywa nini?"

"Upi? Ule uliokuwa unachungulia? Niliukata. Ulikuwa unazuia daraja kulala."

Ndio waya uliotakiwa kugusa daraja na kuzima ule mngurumo. Mkasi aliinua macho akaangalia dari ya kibaraza kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyeishiwa, na mumewe akacheka kwa tahadhari, asijue kama amealikwa.

Mambo ya kuziba matundu aliyasoma kwenye simu. Akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigongea ndani, akasubiri vikauke, na safari hii akasubiri kweli. Mumewe alimwomba kazi. Akampa kushikilia kiwiliwili kisiteleze mezani, mikono yote miwili, bila kuongea. Alishikilia. Kuhusu kutoongea, alijitahidi kadiri alivyoweza.

"Lori letu la zamani…" akaanza.

"Baba watoto."

"Nimenyamaza."

Akachora mstari upya. Akatoboa mwenyewe, keekee ikiimba mikononi mwake, unga wa mbao ukitoka mweupe na kujikusanya kando ya matundu. Matundu yakatua juu ya nukta. Akalaza waya mpya chini ya daraja, akafunga, akakaza nyuzi. Dawa ya Panya akaleta kipaza sauti, na safari hii alikuwa amezima panya na mende kabla ya kuwasha. Mngurumo haukuwepo. Mkasi akapanda shingoni pau kwa pau, na gitaa likasema kweli hadi juu.

Halikuwa zuri. Uzi wa tatu ulivuma kama nzi kwenye glasi kila alipoubonyeza karibu na kichwa cha gitaa, na alijaribu njia zote za kuunyamazisha bila kufaulu. Vidole vyenyewe vilikuwa vimekuwa vigumu. Nyimbo alizozijua zilikuja zikichechemea, nyingine hazikuja kabisa. Alikasirika akaliweka, akalichukua, akalikasirikia tena. Lakini kila jioni alilichukua. Jirani hata siku moja hakulalamika, isipokuwa aliuliza kama hakuna wimbo mwingine.

Upasuaji wa jicho la kwanza ulifanyika mwishowe, siku ya mvua, ulipokuwa hautarajiwi tena. Bandeji ilipotolewa mumewe alirudi nyumbani akitazama kila kitu kama mkaguzi. Alitazama kuta akasema zinahitaji rangi. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema amekonda, na mkewe akageuka upande ili asionekane uso. Kisha akatoka kibarazani, akalichukua gitaa, akalipeleka kwenye mwanga, akaligeuza mbele na nyuma.

"Mama watoto," akaita. "Mbona hapa ubavuni rangi ina makunyanzi?"

Jikoni Mkasi alikuwa anaosha vyombo.

"Na hizi alama za mviringo chini ya daraja ni za nini? Aliyeziba hapa hakusugua vizuri. Lete msasa nikurekebishie."

"Liweke chini," akasema Mkasi kutoka jikoni.

"Ni kazi ya dakika tu."

"Liweke chini, bwana wewe, kabla hujarudi hospitali kwa jambo jingine."

Akaliweka. Mkasi akafuta mikono, akaja akakaa kwenye stuli, akalipakata na kuanza kulipiga, uzi wa tatu ukivuma vilevile. Mumewe alivuta stuli ya pili akakaa karibu kupita kiasi, akiinamia vidole vya mkewe kwa jicho lake jipya, na kila mkewe alipokosea, yeye alimwona.